Swichi ya Siri

Jumapili, 5 Juni

Jirani ameosha gari lake tena. Wiki hii sijui mara ya ngapi! Ndiyo maana namwita Bwana Mng'aro, ingawa mbele yake namwita jirani. Akimaliza kuosha lake hulitazama langu. Hulitazama kwa muda mrefu. Mke wangu anasema ni huruma. Mimi mtu mwenye tamaa namjua nikimwona.

Kwa hiyo leo nimefunga swichi ya siri chini ya kiti cha abiria. Kazi ya mikono yangu mwenyewe! Inakata umeme wa pampu ya mafuta. Ikizimwa, gari haliwaki hata ulipigie magoti. Hakuna anayejua ilipo, hata mke wangu. Nimeizima kabla ya kuingia ndani. Sasa aje ajaribu.

Jumatatu, 6 Juni

Gari haliwaki! Che-che-che-che, halafu basi. Nimejaribu kwa upole, kwa hasira, kwa dua. Wapi! Bwana Mng'aro alikuwa ameegemea ukuta wake na mswaki mdomoni, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia napasha injini moto. Nimekwenda kazini kwa miguu, nikafika nimelowa jasho, bosi akauliza kama kwetu mvua inanyesha.

Ubaya ni kwamba mama mkwe anakuja Jumamosi, kukaa nasi hadi Jumatatu. Alipokuja mara ya mwisho gari langu lilikuwa na pancha, Bwana Mng'aro ndiye akaenda kumpokea. Mwezi mzima simu ikawa ni hiyo hiyo: kijana yule alivyo mstaarabu, viti vyake vilivyo laini, alivyomfungulia mlango. Mimi nimemwoa binti yake miaka yote hii, sijasifiwa hata kwa kupiga chafya vizuri. Na leo mke wangu ametamka: gari lisipowaka kufikia Ijumaa, anamwomba jirani. Nimekula nusu sahani, nusu nyingine nikashiba hasira.

Jumanne, 7 Juni

Nimefikiri kutwa nzima kazini. Jumapili gari lilikuwa zima. Jumatatu bovu. Nani hulitazama kila siku? Kikulacho ki nguoni mwako! Ila ushahidi sina.

Jioni nimepiga stata mpaka betri ikaishiwa pumzi. Sasa hata che-che hakuna, ni tk tu. Nimemweleza mke wangu kwamba hayo ni maendeleo, maana tatizo limebadilika.

Jumatano, 8 Juni

Tumelisukuma. Wazo langu: literemke mteremko, niingize gia, liwake. Nilikaa kwenye usukani kwa sababu mtaalamu hasukumi. Nyuma akasukuma mke wangu, pamoja na Bwana Mng'aro. Nani alimwita? Nikawaona kwenye kioo, bega kwa bega. Akasema jambo, mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa kutazama kioo nikasahau gia. Gari limejisimamia mbele ya duka la fundi cherehani na ndipo litakapolala.

Nikamwuliza mke wangu walikuwa wanacheka nini. Akasema hakumbuki. Hakumbuki! Mtu anasahau kicheko kama kile? Wivu sina, hata chembe. Nimeuliza tu, nikarudia wakati wa kula, nikarudia tulipozima taa.

Alhamisi, 9 Juni

Fundi wa magari amekuja. Amefungua boneti, akachomoa plagi, akanusanusa. Akasema betri imekufa, lakini haoni kama ndiyo chanzo. Anahisi mafuta hayafiki kwenye injini. Kisha akauliza kama nimewahi kufunga swichi yoyote ya kuzuia wizi.

Na Bwana Mng'aro yupo hapo hapo, kashika tochi mchana kweupe, masikio wima! Nikajibu swichi ya namna hiyo sijawahi hata kuiona. Fundi akanitazama, akafuta mikono, akasema basi yeye ameshindwa. Karibu nikamatwe! Siri yangu iko salama.

Ijumaa, 10 Juni

Akili imenijia nikinyoa ndevu. Kama langu haliwaki, lake nalo lisiwake!

Nimekwenda kumwomba betri yake kwa majaribio. Akaichomoa mwenyewe, akanibebea hadi kwa fundi cherehani, bila kinyongo. Ukarimu wa aina hiyo unatia shaka. Alipoondoka nikapiga stata mpaka kidole kikafa ganzi. Che-che-che. Che-che. Che. Kwisha! Nikamrudishia nikiwa na huzuni usoni na ngoma moyoni. Fundi mwenye chaja ya betri amefunga mpaka Jumatatu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kesho mama mkwe hapokewi kwa gari na mtu yeyote, na hiyo ni sare.

Jumamosi, 11 Juni

Sikufikiria miguu! Nimeamka, mke wangu na Bwana Mng'aro wameshakwenda kituoni pamoja, na toroli lake la bustani. Nikakimbilia kwenye gari, nikakaa ndani, angalau nionekane nalo. Wakaja. Mizigo kwenye toroli, mama mkwe katikati, wote watatu wanacheka. Kicheko kile kile cha Jumatano!

Mama mkwe akaingia kwenye kiti cha abiria apumzishe miguu. Akavua viatu, kimoja kikapotelea chini ya kiti, akapapasa.

"Baba, hiki cha kubofya huku chini ni cha nini?"

Mke wangu akanitazama. Bwana Mng'aro akatazama pembeni, kwa adabu, ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikainama, nikaiwasha swichi, naye akasema tujaribu kusukuma tena. Wakasukuma. Nikakumbuka gia. Gari likanguruma!

Nimemfikisha mama mkwe nyumbani kwa gari langu mwenyewe. Nikamfungulia mlango, nikainama.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema. Alikuwa anamwambia aliyesukuma: Bwana Mng'aro, aliyefika nyuma yetu na toroli.

Jumapili, 12 Juni

Nimezunguka mtaa asubuhi nzima mpaka betri ikajaa, nikipiga honi kila nilipopita getini kwa Bwana Mng'aro. Lake bado limelala.

Nimetafakari pia. Mke wangu anasema kosa ni langu, swichi niliizima mwenyewe. Kweli niliizima. Lakini jirani angekuwa mtu wa kuaminika nisingeizima. Kwa hiyo kosa ni lake.

Na sasa swichi hiyo anaijua yeye, anaijua mama mkwe, anaijua hadi fundi cherehani. Haifai tena. Nimefunga nyingine, mahali ambapo hata hapa siandiki. Nimeizima na kufunga milango yote.

Kesho alfajiri namrudisha mama mkwe kituoni, basi lake halisubiri mtu. Bwana Mng'aro ameuliza kama atuwekee toroli karibu. Nimecheka sana.