Chupa Iliyoitwa Linah

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale
Nimeamua. Sitauza tena manukato ya watu. Naunda yangu ya kina mama, na yataitwa "Linah". Nimechoka na Kimotho wa kibanda jirani kumpulizia Linah wangu vitu ati vya Dubai. Dubai! Pasipoti tu hana.
Linah anaapishwa Jumapili kanisani kwao Bungoma, awe katibu wa kamati ya kupinga pombe. Mama yake atakuwepo. Ameniambia mama akinipenda, nitaalikwa nyumbani. Asiponipenda, basi.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kwa simu: manukato ya maana hubadilika mwilini. Yanafungua kwa maua, yanaingia moyoni, halafu inabaki harufu ya chini kabisa. Nimepanga hivi. Waridi kwanza. Katikati, asali ya Kapsokwony. Mwisho tumbaku ya Malakisi, ili mwanamke awe na siri kidogo. Shida ni spiriti ya kuyachanganyia. Mama Pauline, mpika pombe wa mtaa wetu, amesema chang'aa yake, ikipikwa mara mbili, inawaka moto wa buluu. Tatizo limeisha!

Alhamisi, 6 Machi
Nimejipaka na kukaa saa mbili. Hesbon kinyozi amekuja, akaninusa taratibu, akauliza matanga ni ya nani. Wivu tu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempa Linah. Alinusa, akafumba macho, akasema ni maua ya kwa nyanya yake. Machozi yalimlengalenga. Yangu pia. Kumbe mtu anaweza kupendwa hivi! Ameahidi kumwambia mama ni nani aliyeyatengeneza.

Jumapili, 9 Machi. Bungoma
Alijimwagia nusu chupa, kwa upendo.
Wimbo wa kwanza: waridi. Mama yake aliniita nikae karibu, akaniita mwanangu. Mwanangu! Kimotho, aliyejialika, alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango.
Matangazo: asali. Watu waligeuka wakitabasamu.
Halafu mahubiri. Bana, yule mchungaji hajui kumaliza. Mabati yalichemka, Linah akatoka jasho, na tumbaku ikafika kabla ya Amina. Nyuma ya tumbaku ikaja kazi ya Mama Pauline, yote.
Linah akasimama kuapa, Biblia mkononi. Mzee Wanyonyi, aliyekuwa akimwapisha, akainama, akanusa, akamwomba apumue. Akapumua. Mzee akasema pumzi ni safi ila gauni limelewa. Kanisa zima likacheka. Kiapo kimeahirishwa mpaka uchunguzi ufanyike.
Linah hakulia. Alinitazama tu, na hapo ndipo nilipoumia. Nje, alisema nisiandike jina lake kwenye chupa yoyote tena, hata ya mafuta ya taa. Mama yake akasema kwao tumbaku huanikwa na chang'aa humwagwa, na mimi ninaweza kuchagua nifanywe lipi. Kimotho akamtolea Linah kitambaa chake. Kilinukia Dubai.

Jumatatu, 10 Machi. Kitale
Sikulala. Nimelia, nikaosha uso, nikafikiri. Kosa nimeliona: mahubiri yalikuwa marefu. Manukato yenyewe hayana shida hata kidogo.
Na yule Jepkorir wa sauti ya pili kwenye kwaya yao alinitabasamia pale nje. Ama alikuwa bado anacheka, sijui. Nasikia ndiye atakayeapishwa badala ya Linah, Jumapili ijayo.
Nimekwangua lebo zote. "Jepkorir" linaenea vizuri. Mama Pauline ameahidi kupika mara tatu.