Eda ya Jeilani Aliye Hai

Jumatatu, mwezi 1 Mfunguo Sita 1330
Nimefika Lamu! Siku nne chomboni, nimetapika zote nne. Sijali. Nchi mpya, na mimi Hindu mpya. Kule Barawa, kwa Mtaliana, nilikuwa yule Hindu aliyeachwa na Jeilani kwa kuwa miaka mitatu hakuzaa. Huku kwa Mwingereza hakuna anijuaye ila mama mdogo, Bi Umi, na yeye aliniona mara ya mwisho sina hata jino. Akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nilitaka kusema kweli, wallahi. Nikajisikia nasema amefariki. Nikaletewa halua sahani nzima. Aliyeachwa haletewi halua.

Jumanne, mwezi 2
Balaa! Mama mdogo ameuliza amefariki lini. Nikaona nikisema zamani huruma itapungua. Nikasema mwezi uliopita. Akasema basi niko edani. Miezi minne na siku kumi! Sitoki nje, sijitii manukato, sipaki wanja. Nimevuka bahari nije kutazama kuta. Akauliza pia imekuwaje nikasafiri ndani ya eda. Nikasema dharura. Hakuuliza dharura gani.

Ijumaa, mwezi 5
Kumbe yuko mwingine. Ummu, wa nyumba ya pili. Mumewe alizama karibu na Kiwayu, naye ana mwezi wa pili edani. Huja kwetu kwa wikio, lile daraja la juu liunganishalo nyumba mbili, mtu asipite njiani. Analia vizuri mno. Kimya, tone moja moja. Wanawake wanaokuja kutoa pole humtazama yeye tu. Mimi nalia kwa kitunguu. Leo kitunguu kimeniponyoka kwenye kanga, kikabingirika hadi miguuni pake, mbele ya watu wote. Ummu akakiokota, akakificha chini ya mto wake. Sijui kama ni wema au ananiwekea ya kunifichua baadaye.

Jumatatu, mwezi 8
Hila mpya: ugonjwa. Nimesema kifua changu kinataka hewa ya pwani. Mama mdogo akasema kifua dawa yake subili, ule mshubiri mchungu. Kikombe kizima! Kifua kimepona. Tumbo ndilo linaloumwa.

Alhamisi, mwezi 11
Ummu hali chakula. Mamake amemletea wali wa nazi na samaki, ameugusa kwa ncha za vidole tu. Nikaona nimsimulie habari za marehemu wangu. Alivyokuwa akikoroma mpaka paka akahama nyumba. Alivyomwogopa mamake, akala mchuzi wa pilipili machozi yakimtoka huku akiusifu. Ummu akacheka! Mara akajishika mdomo, akaniangalia kama aliyeiba. Akasema hajacheka tangu walipomletea habari. Kisha akala, akamaliza sahani, akalala begani mwangu. Sikusogea mpaka Alasiri. Mkono umekufa ganzi. Nimemkumbuka Jeilani. Hilo sikulipanga.

Jumapili, mwezi 14
Ya Rabi! Asubuhi mama mdogo ameniita, sauti tulivu kabisa: "Hindu, ndoo hapa. Marehemu wako yuko mlangoni."

Nikachungulia pazia. Jeilani! Mzima, kasha langu la nguo begani, mkononi hati ya talaka niliyoisahau. Amekuja na shehena ya ngozi. Akaona bila hati ile sitaweza kuolewa tena, akanichukulia. Ndivyo alivyo. Akauliza mbona jirani, Bi Barka, amepiga ukelele alipomtajia jina lake. Mama mdogo akamweleza, bila kupunguza kitu. Jeilani akalitua kasha chini. Kisha akasema, "Hindu, ikiwa kufa kwangu kunakupa raha, mimi sina neno."

Nikalia, safari hii bila msaada wa kitu.

Kugeuka, Ummu yuko nyuma yangu. Amesikia yote. Akarudi kwao bila kuniangalia.

Jumatatu, mwezi 15
Mama mdogo amekiri. Alijua tangu siku ya kwanza! Nahodha alitangulia kushuka, akamweleza habari zangu zote kabla sijatia mguu nchi kavu. Nikauliza kwa nini basi akanifungia ndani. Akasema nilishuka nimekonda, macho yamezama, nacheka hovyo. Akaona nataka mahali pa kukaa nisiulizwe kitu. Akasema, "Nawe ulifiwa, mwanangu. Nyumba ya miaka mitatu si kitu kidogo." Nikamlalia mapajani kama mtoto. Baadaye nikauliza na ile subili je? Akasema ile ilikuwa adabu.

Alhamisi, mwezi 18
Ummu hajaja tangu Jumapili. Niko huru kutoka, na sijatoka. Leo nimevuka wikio mwenyewe. Akaniambia alinifungulia moyo wake wote, kumbe mimi nacheza. Nikasema tu kwamba kukoroma kulikuwa kweli. Na paka pia. Akaukaza uso asicheke. Ukamshinda.

Nikamwambia nitakaa naye ndani mpaka eda yake iishe, mimi ambaye eda yangu ya talaka ilikwisha kule Barawa. Akauliza, hata Maulidi? Nikasema hata Maulidi. Akaniapisha: uongo basi. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo.

Alhamisi, mwezi 25
Maulidi! Huku husomwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Dufu zinalia tangu asubuhi, mji mzima umevaa, na sisi wawili tuko dirishani pa wikio tunahesabu kofia mpya. Ummu amekula mahamri matatu. Sijutii kitu.

Adhuhuri akaingia Bi Barka. Anataka kujua yule mwanamume wa juzijuzi mwenye jina la marehemu ni nani hasa. Ummu akanikazia macho. Nikavuta pumzi. Nikakumbuka kiapo, nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilikikumbuka.

Nikasema ni pacha wake. Kwao pacha hupewa jina moja.

Bi Barka amefurahi mno! Ameuliza kama pacha ana mke. Yeye Bi Barka ana mpwa huko kisiwani Ndau, msichana mtulivu, mwandishi mzuri. Ummu amejifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika, hawezi hata kunisuta.

Jeilani anasafiri Jumamosi, hana habari. Bi Barka atakuja kesho na mamake msichana. Itanibidi pacha naye apatwe na jambo. Nafikiria homa.