Malalamiko Kuhusu Mke Wangu Kusaidiwa Kuchagua Baiskeli

Kwa Mama Philomena,
Mwenyekiti, Kikundi cha Wanawake Waendesha Baiskeli,
Bariadi.

Ndugu Mwenyekiti,

Mwangaluka, na poleni na jua la barabarani. Mimi ni Anatoli Mboje, mume halali wa Sayi, yule mama ambaye kikundi chako kimemzungusha maduka yote ya baiskeli hapa mjini tangu tulipouza pamba. Sina ugomvi na baiskeli. Ugomvi wangu ni huko kumtia moyo. Naomba muache, kwa sababu zifuatazo.

1. Mmemharibu macho. Zamani Sayi akiona baiskeli aliona baiskeli. Siku hizi anakagua minyororo na spoku za wageni wangu, kisha anatikisa kichwa. Mchungaji alikuja kutuombea, akaondoka ameambiwa ringi yake ya nyuma imepinda. Ni kweli ilikuwa imepinda, lakini hakuja kwa ajili hiyo.

2. Kwa hisani yangu nilimchagulia baiskeli nyekundu yenye madigadi yanayong'aa. Mkacheka mbele ya muuzaji! Mkasema mvua ikinyesha tope jeusi la huku litajaa ndani ya madigadi na gurudumu litagoma kuzunguka. Mama, mwanamke anayelijua tope kuliko mumewe atamheshimu lini?

3. Hili ni zito. Tukienda ukweni Zagayu, Sayi hukaa nyuma yangu kwenye keria. Tukikaribia, anashuka na kutangulia kumwambia mama yake kwamba mkwe yuko nje, nami nasubiri kwa adabu mpaka nikaribishwe, maana mkwe hajiingilii tu uani. Sasa akiwa na baiskeli yake, na kwa namna mnavyomfundisha kukanyaga pedali, atafika mapema mno. Kuku atachinjwa, ataiva, na firigisi yangu italiwa na shemeji Elia wakati mimi bado nahema njiani. Nikifika nitasimama nje kama mnunuzi wa ngozi, hakuna anayenikumbuka, mwishowe nitageuza nirudi. Wao watasema nimewadharau. Watamchukua binti yao, ng'ombe wa mahari watarudishwa, na ndoa iliyofungwa kanisani itakuwa imevunjwa na kikundi chako.

4. Akiwa kwenye keria, Sayi hunihadithia njia nzima: nani kanuna kwenye kwaya, ng'ombe gani anakaribia kuzaa. Nyumbani kazi ni nyingi, maneno hayo hayapati nafasi. Akishapata baiskeli yake atamhadithia nani? Sisemi kwamba nitamkumbuka, nasema tu mgongo wangu umezoea. Haya, nitamkumbuka. Naogopa kuachwa nyuma, na nyinyi mnampigia makofi.

Kwa hiyo naomba kikundi kipitishe azimio kwamba mwanamke ambaye mumewe ana keria imara hahitaji baiskeli nyingine. Kwa upande wangu, nimeapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba sitatia mguu dukani kwa Nuruddin muuza baiskeli kwa jambo hili, na Sayi nimemkataza kuongozana nanyi.

Nisalimie Anna, fundi Josia anayewajazia upepo, na wanakikundi wote, hata wale waliocheka.

Wako katika kuitetea ndoa,
Anatoli Mboje

Nyongeza: Mama, hali imebadilika. Sayi ametii, amekwenda kwa Nuruddin peke yake. Niko ng'ambo ya barabara, naandika nimeegemea nguzo ya umeme. Amepandishwa kibaiskeli cha kikapu, magoti yanagonga usukani, na Nuruddin anamwambia atazoea. Hatazoea! Mke wangu ana miguu mirefu, kila mtu anajua. Mimi siwezi kuingia, niliapa. Ameanza kuulizia bei, na Sayi akianza kupatana hamalizi upesi, kwa hiyo kijana ninayemtuma na barua hii akikimbia, mtawahi. Njooni wote, na mje na yule aliyecheka zaidi. Msimwambie nani kawaita.