Kilemba Changu Kilivyoyeyuka Katesh

Mwaka huu wa kula viazi asubuhi na jioni, maana mahindi ya kwetu Maretadu yalitugomea, ndio mwaka nilioumbuka. Na kuumbuka kwenyewe ni leo, wanakwaya wenzangu. Bado nanuka.

Mnamjua mjukuu wangu Paskalina, muuguzi wa Katesh. (Nani hamjui? Nawaambia kila Jumapili.) Mimi nina kisukari na presha, naye amenikataza mafuta ya kondoo. Mafuta yaliyomlea yeye mwenyewe! Nikienda kwake, kikapu changu hukikagua kama askari wa getini. Basi leo alfajiri, baridi ya nyumbani ikiuma, nikaficha pande la mafuta ya mkia ndani ya kilemba. Limeganda kama jiwe. Nikajiona mwerevu.

Nafika Katesh, namkuta anafundisha wagonjwa uwanjani. Nikakamata kiti cha mbele kabisa, juani.

"Shikamoo bibi. Njoo huku kivulini," akaniita baba mmoja kutoka kijiji cha Nangwa.

"Marahaba. Sitoki mbele. Anayefundisha ni mjukuu wangu."

Jamani, anafundisha! "Hatusemi mafuta yote ni adui. Alizeti kidogo, karanga, parachichi, sawa. Yanayoganda ndiyo mpunguze. Yakizidi yanapandisha lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, na mwenye kisukari moyo wake tayari uko hatarini." Kisha akaninyooshea mkono. "Bibi yangu huyu ameyaacha kabisa!"

Makofi! Nikasimama, nikapunga mkono kama mbunge.

Kitu kikatambaa kwenye paji la uso.

"Bibi, unatoka jasho?"

"Jua la kwenu kali, mwanangu."

Likafika puani. Likashuka mdomoni. (Nikalilamba. Mazoea!)

"Mbona jasho la bibi linanuka kondoo?" akapaza sauti yule wa Nangwa. "Kondoo mwenyewe kamfunga wapi?"

Paskalina akafungua kilemba mbele ya watu wote. Pande likamtelezea kiganjani. Moyo ukanishuka: nani atamwamini muuguzi ambaye hata bibi yake hamsikii?

Yeye akaliinua juu. "Mmeona? Kuacha ni kazi, hata kwa bibi wa muuguzi. Ndiyo maana tunakutana. Nani mwingine ana lake kalificha?"

Mikono ikanyooka. Wa kwanza, yule wa Nangwa!

Akili hiyo ni ya ukoo wetu, msibishe.

Akanifuta uso taratibu. "Bibi, utapunguza?"

"Nitapunguza."

"Haya, nenda kivulini, usije ukayeyuka na wewe."

Mafuta nitapunguza. Kivulini, thubutu!

"Sitoki mbele. Anayefundisha ni mjukuu wangu."