Nyusi za Mwalimu wa Mbwa

Thawip alikuwa na nyusi. Sisi wengine wa Nonthaburi, mji wetu wa Thailand, pia tunazo, lakini zetu ni za kuzuia jasho tu. Zake zilikuwa mtaji. Akiziinua, unajiona umeeleweka. Akizishusha, unatafuta pochi. Kwa nyusi hizo aliwahi kuuza mashine za kusafisha hewa ambazo ndani zilikuwa na feni na pamba, na hakuna mnunuzi aliyekwenda polisi, kwa sababu ya haya.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa kahawa karibu na duka la dhahabu la Bi Rachani, akamsikia mama huyo akimlilia jirani yake. Mwezi ujao angefungua duka la pili. Watawa tisa wa Kibuddha walikuwa wamealikwa kuja kula na kulibariki, na mbwa wake Thongyot, dume jeupe la aina ya Bangkaew, alikuwa na historia. Siku ya kubariki duka la kwanza alipanda kwenye mkeka akala samaki wa mtawa mkuu, mtawa mkuu mwenyewe akitazama. Tangu hapo mji ulisema dhahabu ya Rachani haina baraka, kwani baraka ililiwa na mbwa.

"Si umfungie ndani siku hiyo?" jirani aliuliza.

"Nikimfungia watasema naogopa. Nataka aketi palepale, wote wamwone. La sivyo hata hilo duka silifungui."

Thawip alitua kikombe chake.

"Samahani, dada. Mbwa huyo si mtukutu. Hajasoma tu."

"Hajasoma?"

"Mimi nina shule ya bweni. Wiki nne. Anaingia mhuni, anatoka bwana. Sharti ni moja: mzazi haji kumtembelea. Akisikia sauti yako tu, masomo yote yanamtoka."

"Hata Jumapili?"

Nyusi zilishuka kwa huzuni. "Jumapili ana mtihani, dada."

Rachani alitoa nusu ya ada papo hapo. Nusu nyingine angeikabidhi siku ya baraka, ndani ya bahasha, mbele ya wageni.

Bweni lenyewe lilikuwa hekalu moja kando ya mfereji. Kwetu mtu akimchoka mbwa wake humpeleka hekaluni, maana kule mabaki ya sadaka hayaishi, na wenyeji hawaruhusiwi kuua hata mbu. Thawip alimvua Thongyot mkanda, akamsukuma langoni, akapanda pikipiki kwenda kula tambi. Ualimu wake uliishia hapo.

Jiko la hekalu lilitawaliwa na Bibi Chan, mpishi wa miaka sabini na mbili, mwenye mbwa hamsini na watatu na sheria moja. Watawa hula kwanza, kabla ya saa sita mchana. Mbwa husubiri mpaka sala iishe. Anayeinuka kabla hajaruhusiwa, chakula chake ni kesho. Bibi aligonga sufuria kwa upawa, akasema "Keti," na hamsini na watatu wakaketi. Baada ya siku tatu za njaa, wakawa hamsini na wanne.

Siku mbili kabla ya baraka, Thawip alirudi akamkuta mwanafunzi wake mstarini, mate yanamdondoka, macho kwenye wali, na hasogei. Tapeli alitaka kulia kwa furaha.

"Thongyot! Keti!"

Thongyot alisimama, akamkojolea kiatu.

Thawip aliunganisha viganja, akamwinamia mpishi. "Bibi yangu, mbwa huyu ni wa ndugu yangu. Alipotea."

"Alipotea akiwa kwenye pikipiki? Nilikuona ukimshusha." Bibi Chan aliendelea kukoroga mchuzi. "Mchukue tu. Ila hatakutii. Amezoea watu wa hapa. Anamtii aliyenyoa kichwa na kuvaa nyeupe, kama mtu anayejiandaa kuwa mtawa."

"Haya, nywele zitaota."

"Na nyusi."

Thawip alizifunika kwa kiganja. "Bibi, nyusi tena?"

"Wewe umewahi kumwona mtawa wetu mwenye nyusi? Mbwa naye ana macho, mwanangu."

Tapeli aliifikiria ile bahasha, akafumba macho. Bibi Chan alimnyoa mwenyewe, kwa sabuni ya kuoshea vyombo, akamvika nguo nyeupe. Kisha akamwambia ajaribu. "Keti," alisema Thawip, na nyuma yake, polepole sana, upawa uligusa sufuria. Thongyot akaketi. Thawip alikuwa amewaonyesha watu wengi ushahidi wa aina hiyo, ila yeye mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa.

Siku ya baraka wageni walikuwa themanini. Thawip alifika na mbwa, akaona watawa tisa wakishuka garini, na nyuma yao Bibi Chan na upawa wake. Hakuwahi kuuliza watawa hao wanatoka hekalu gani.

Thongyot aliketi mbele ya samaki tisa, sala nzima, hakutikisa hata sikio. Rachani alilia machozi ya furaha bila kujificha.

"Mwalimu wake yuko wapi?"

"Ni mimi, dada."

Rachani alimtazama paji la uso. "Thawip ana nyusi."

Thawip alijaribu kuziinua, ikapanda ngozi tupu.

"Ndiye," alisema Bibi Chan. "Amefunga nadhiri kwetu. Na ada yake yote ameitoa tuezeke paa la jiko."

"Mbwa nilimtambua siku ile ile alipoletwa hekaluni," alisema mtawa mkuu kwa upole. "Nikamwambia Chan, huyu alikula samaki wangu. Mfundishe."

Wageni themanini walimgeukia Thawip. Akikataa, aeleze mbwa amefikaje hekaluni. Aliunganisha viganja akainama, na bahasha ikapita mbele ya pua yake kwenda kwa Bibi Chan.

Watawa walikula wakaondoka, Bibi Chan akabaki, na wageni wakaandaliwa chakula. Thawip alijipakulia bata wa kuchoma, sahani nzima. Angalau hilo alistahili. Upawa uligonga ukingo wa sahani.

"Saa ngapi?"

Saa ya dukani ilionyesha saa sita na dakika nne. Mwenye nadhiri na nguo nyeupe hali baada ya saa sita, na hilo kila mgeni pale alilijua. Wote walikuwa wanatazama.

"Keti, mwanangu," alisema Bibi Chan.

Thawip akaketi. Sala ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Thongyot, ambaye hakufunga nadhiri yoyote, aliinuka na kula yule bata.