Nondo Watatu kwenye Beseni

Bosco na Marceline, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu. Suruali ninayo, msihofu. Kilichovuliwa ni ile heshima ya moniteur agricole, mwalimu wa kilimo, na sijui nitaivaa tena lini.

Ninawaandikia sasa hivi, na udongo bado uko kwenye kucha, kwa sababu mwenye baiskeli anayebeba barua za Banalia anaondoka kesho asubuhi. Alikuwepo. Aliona yote. Kwa hiyo heri msikie kwangu kabla hajaanza kuwaigizia.

Mnajua hali yetu. Tangu waasi washike mji, boti hazipandi tena kutoka Kinshasa. Tunakula kinachoota hapa hapa, na kinachoota hapa hapa kinatoka zaidi kwenye bustani za akina mama kando ya mto Tshopo. Mkubwa wao ni Mama Asha, mwanamke mrefu, mpole, wa zile familia za zamani za Waislamu wa mjini. Mume wake alikwenda Bafwasende kutafuta biashara, barabara ikafungwa nyuma yake, na mpaka leo hana habari zake. Mama Asha ndiye aliyekuwa na kopo la mwisho la mbegu za kabichi katika bustani zote. La mwisho kabisa. Alizisia kwenye kitalu, miche ikasimama vizuri, lakini hakutaka kuihamisha mpaka mimi niseme.

Mimi! (Mungu amsamehe.)

Kazi yangu mwezi huu wa tatu, mvua zinapoanza, ni kuhesabu nondo. Wale wa kijivu, wanene, wanaotoka gizani. Nondo mwenyewe hana ubaya, ila mayai yake yanatoa viwavi, na viwavi hao mchana wanalala chini ya udongo, usiku wanapanda na kukata mche shingoni kama kwa wembe. Kwa hiyo nondo wakiwa wengi, tunangoja. Wakipungua, tunapanda. Hesabu rahisi.

Zamani tuliwavuta kwa taa. Sasa petroli ya taa ni ndoto, basi nikatengeneza mtego wangu: beseni jeupe, mvinyo wa mchikichi uliochacha, ndizi zilizooza. Nikaliweka chini kati ya matuta. Usiku nondo wanakuja kunywa, wanaanguka, wanakufa walevi. Asubuhi ninafika na daftari, ninawahesabu.

Siku za kwanza niliandika thelathini, arobaini. Kisha ghafla wakashuka. Saba. Watano. Watatu, na mmoja wao hakuwa na bawa. Furaha niliyokuwa nayo! Nilipanda juu ya kasha nikawatangazia akina mama: "Mesdames, la population est en chute libre!" Yaani nondo wanaporomoka. Hakuna aliyeelewa, wote wakapiga makofi. Nikamalizia kwa lugha yetu: "Pandeni!"

Wakapanda. Mama Asha alihamisha miche yake yote, mmoja mmoja, kama mtu anayelaza watoto.

Sasa leo.

Nyumba yangu na bustani ni hatua mia mbili tu. Lakini katikati kuna kijito, na kwenye daraja la kijito askari waliweka barrière, kizuizi cha njia, na barrière haifunguliwi kabla ya saa moja kasoro robo. Ndiyo sababu siku zote ninafika jua limeshatoka. Leo, kabla hata jogoo hawajachoka, sergent wa barrière mwenyewe aligonga mlango wangu.

"Moniteur, lamuka. Bamama banalia kule kwa mashamba. Nimefungua barrière juu ya hiyo."

Nilikimbia na viatu mkononi.

Miche ilikuwa imelala. Mistari kwa mistari, tuta kwa tuta, majani bado mabichi, shingo zimekatwa. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na mbuzi. Mama Asha alikuwa amechuchumaa, ameshika mche mmoja kwa vidole viwili. Halii. Wenzake ndio waliokuwa wanalia. Yeye ananitazama tu, na ningependa zaidi anitukane.

"Moniteur," akasema, "ulituambiaka bale badudu baliisha."

Nikafungua daftari. (Mtu akiwa na hofu anafungua daftari.) Nikamwonyesha: watatu, watatu, wawili. "Mama, hesabu iko sawa. Tazama mwenyewe."

Mwenye baiskeli, aliyekuwa amesimama karibu na mtego, akaita: "Mbona humu beseni inajaa?"

Nikaenda. Beseni lilikuwa limejaa kweli! Nondo juu ya nondo, huwezi kuona mvinyo. Lakini mdomo wangu haukujua kunyamaza. Nilisimama wima nikaeleza kwa sauti ya mwalimu: "Alors, mnaona? C'est une invasion. Jana hawakuwepo. Wameingia usiku wa leo, wote pamoja, kutoka msituni. Hakuna moniteur duniani angejua."

Akina mama wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nikaanza kupumua.

Mama Asha akainuka polepole. "Bon. Nondo alifika leo usiku. Yai anaweka saa ngapi? Mutoto anatoka saa ngapi? Na mutoto anakata kabichi yangu saa ngapi? Yote usiku moja?"

Bosco, miaka mitatu ya shule ya kilimo, na jibu langu ni hili. Nilisema "euh". Niliisema ndefu.

Na katikati ya ile "euh", bata alitokea.

Alitoka kwenye kijito, akajikung'uta, akapita kati ya miguu ya akina mama bila kuomba ruhusa kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni. Akaanza kula. Alikula nondo wale kama mtu aliyelipia meza, tap tap tap, na kila baada ya kudonoa mara chache anainua kichwa anashusha mvinyo. Alipomaliza, wakabaki nondo watatu wakielea. Watatu! Kisha akageuka kwenda zake, akayumba, akakaa chini kwa makalio, akatoa sauti moja ya mlevi.

Mguuni alikuwa amefungwa kitambaa chekundu kilichochanwa kwenye liputa ya kujifunga kiunoni.

Marceline, kile kitambaa mke wangu alikifunga kwa mkono wake, ili majirani wasiseme bata ni wao. Ni bata wangu. Yule niliyekuwa ninajisifia mtaani kwamba simlishi kitu na ananenepa. Yule aliyekuwa anarudi nyumbani anapepesuka, nikasema ana homa, nikamnywesha dawa ya majani.

"Huyu?" sergent akasema, akicheka mpaka bunduki inacheza begani. "Huyu anapitaka chini ya daraja kila asubui mapema. Siye tunamuonaka."

"Na hamukumuzuia?" mama mmoja akamuuliza.

"Tumuzuie juu ya nini? Hana bagage ya kupekua."

Hapo ndipo walipocheka wote. Hata waliokuwa wanalia, machozi bado mashavuni. Wote, isipokuwa mmoja.

Nilimshika bata, nikampelekea Mama Asha kwa mikono miwili. Nikamwambia mama, samehe, mchinje, mle. Nilisema kwa moyo wangu wote. Akamtazama bata. Akanitazama mimi.

"Hapana. Huyu nitamulinda. Ule mwenye kukulaka nondo ku shamba yetu ni huyu peke yake. Weye unaandikaka tu."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana imeingia mpaka mfupani.

Daftari nililiweka mfukoni, nikapiga magoti. Tulifukua kuzunguka kila shina kwa vidole, tuta kwa tuta, mpaka jua lilipokuwa utosini. Viwavi wako chini kidogo tu, wamejikunja, wameshiba. Tulijaza sufuria mbili. Bata alipozinduka alimaliza moja peke yake, na akina mama wakampigia makofi yale yale waliyonipigia mimi.

Miche iliyosalia ni tisa. Mama Asha ameizungushia kila mmoja ganda la mgomba, kola ndogo kama ya padri. Katika matuta mengine watasia lenga-lenga, ule mchicha wetu, maana mbegu zake hazikosekani, na mji utakula lenga-lenga mpaka tutakapochoka. Nilipomuaga aliniitikia vizuri, kwa heshima, kama anavyomwitikia mgeni. Sergent amekubali kunifungulia barrière alfajiri kila siku. Bata amebaki bustanini. Nyumbani mke wangu ameuliza mara mbili yuko wapi, na mara mbili nimejifanya ninakohoa.

Basi, rafiki zangu, naomba msicheke. Na kama hamuwezi kujizuia, chekeni, lakini kwanza mfungieni mwenye baiskeli mbegu za kabichi kwenye karatasi, hata kijiko kimoja, na juu yake muandike jina la Mama Asha, siyo langu.