Hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpeleka Mama Kutazama Mbali

Mheshimiwa Bibi, mama mzaa Baba, mlezi mkuu wa vyumba vyetu viwili na mmiliki wa kiti pekee chenye mto. Mheshimiwa Baba, fundi mafriji, msimamizi wa redio na mwenye neno la mwisho pale Mama anapokuwa hayupo. Mheshimiwa Dada Mkubwa, mpinzani rasmi wa kila jambo. Mheshimiwa Mjomba, ambaye hakuhudhuria, ingawa gari lake limetajwa humu ndani mara nyingi kuliko jina lake. Na mgeni wetu wa heshima, mlengwa mkuu wa mradi, Mama, fundi cherehani, ambaye ameomba aendelee kushona tunapozungumza kwa sababu sare za watoto wa watu zinatakiwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi anapiga peke yake, kisha anauliza kama imekwisha.)

Nasimama mbele yenu asubuhi hii, juu ya stuli ya jikoni ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa gazeti lililokunjwa, nikiwa Mwenyekiti, Katibu, Mtunza Vifaa na Msemaji wa Kamati ya Kumpeleka Mama Kutazama Mbali kwa Safari za Siku Moja Nje ya Jiji, vyeo ambavyo sikuviomba kwa mtu yeyote bali nilijipa mwenyewe, katika uchaguzi huru na wa haki ambapo nilipata asilimia mia moja ya kura zote zilizopigwa, Dada akiwa bafuni. (Dada: "Nilitoka na taulo kichwani nikakuta umeshaapishwa!")

Ndugu wananchi wa sebule hii, chimbuko la mradi mnalijua, lakini kiongozi bora hasemi jambo mara moja kama anaweza kulisema mara tatu. Mama alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari akamwambia kwamba macho yake yamefungwa gerezani, yanaishi kati ya sindano na kitambaa, na kama anataka kuendelea na kazi yake ni lazima ayapumzishe kwa kutazama kitu cha mbali. Mama akauliza, mbali kiasi gani? Daktari akasema, mbali mpaka macho yenyewe yaseme tumefika. Basi Mama akarudi nyumbani, akafungua dirisha, akatafuta kitu cha mbali, akakuta ukuta wa jengo la pili, bomba la maji machafu, na nguo za jirani ambaye kwa heshima ya kikao hiki sitamtaja. (Mama, bila kuinua kichwa: "Hilo bomba nalijua mpaka kutu yake.")

Hapo ndipo serikali yangu sikivu ilipochukua hatua za haraka. Badala ya kukurupuka na kumpeleka Mama mahali, jambo ambalo mtu yeyote asiye na elimu ya uongozi angeweza kulifanya, tuliunda Kamati. Kamati ikaunda kikosi kazi. Kikosi kazi, ambacho pia ni mimi, kikafanya fizibiliti stadi ya kina, shirikishi na endelevu, kwa kuzingatia lojistiki, mazingira na mahitaji ya wadau wote, hususan wadau wenye magoti. (Bibi: "Magoti yangu yameingiaje hapo?")

Nafurahi kulitangazia bunge hili kwamba utafiti wetu uliibua vivutio vitatu. Cha kwanza ni ziwa, ambalo picha zake zinaonyesha maji yanayokwenda hadi yanakutana na mbingu, umbali unaotosha macho ya mafundi cherehani wa ukoo mzima. Kivutio hicho kilikwama katika ngazi ya Bibi, ambaye haamini maji yoyote yasiyo ndani ya ndoo. (Bibi: "Na sitaamini!") Cha pili ni maporomoko, ambayo yangefikiwa kwa gari la Mjomba. Gari hilo, kwa mujibu wa taarifa ya kwanza ya Mjomba, lilikuwa gereji. Kwa mujibu wa taarifa ya pili lilitoka gereji. Na kwa mujibu wa taarifa ya tatu fundi amelichukua kidogo kulijaribu barabarani, na majaribio hayo, waheshimiwa, yanaendelea vizuri mpaka ninapozungumza. (Baba anacheka mpaka anakohoa. "Shemeji yangu huyo! Gari lake hulioni hata kwa tochi!" Mama: "Mwacheni kaka yangu.")

Kivutio cha tatu ni kilima kile kinachoonekana ukipanda juu ya daraja la sokoni siku isiyo na vumbi. Juu yake kuna uwanda wa majani, na watu waliofika wanasema ukisimama pale unaona jiji lote likiwa dogo kama vifungo vilivyomwagika, na nyuma ya jiji unaona mashamba, na nyuma ya mashamba hakuna tena kitu cha kuzuia jicho. Kuhusu kilima hiki Bibi alitoa pendekezo kwamba tupande lile basi la kawaida linalopita sokoni, tushuke mwisho wa njia, pale pale kilimani, tutazame, turudi. Pendekezo lilipokelewa kwa heshima zote, likajadiliwa kwa kina na kikosi kazi, likawekwa kapuni kwa kukosa vizheni. (Bibi: "Kukosa nini?" Dada: "Miwani, Bibi." Kicheko.)

Naomba utulivu, waheshimiwa. Mradi wenye hadhi hauanzi kwa kupanda basi. Unaanza kwa uzinduzi, na uzinduzi unahitaji sare. Kwa hiyo najivunia kutangaza kwamba katika awamu ya kwanza tumepata mafanikio makubwa mno: sare za safari zimekamilika kwa asilimia mia, nguo tano za rangi moja, zenye kola, mfuko wa kifuani, na nembo ya kilima iliyodariziwa kwa mkono kwa nyuzi za kijani, kila jani peke yake, ili hata wasiotujua wajue kwamba hawa ni watu waliopanga. Zimening'inizwa pale nyuma ya mlango, zimepigwa pasi, zinasubiri. Kazi hiyo ya viwango vya kimataifa ilifanywa na mtaalamu wetu wa ndani, bila kuagiza mtu kutoka nje.

(Dada: "Mtaalamu gani?")

Mtaalamu wa ndani, Mheshimiwa.

(Dada: "Si Mama? Umeunda kamati ya kumpumzisha Mama macho, halafu ukamtwisha Mama kazi ya kudarizi majani madogo kama chawa kwenye nguo tano?" Baba anazima redio: "Hebu mwacheni Mheshimiwa ajibu.")

Serikali yangu imelipokea swali hilo na italijibu kwa maandishi.

(Dada: "Jibu kwa mdomo!")

Kama nilivyokuwa nikisema kabla ya kukatizwa na kambi ya upinzani, kila mradi una changamoto, na changamoto ni fursa iliyovaa kanzu ya… ni fursa ambayo… (Mama: "Mheshimiwa, shuka kidogo unitungie uzi." Hotuba inasimama. Mwenyekiti anashuka, analamba ncha ya uzi, anautia kwenye tundu la sindano mara moja tu, anarudi kwenye stuli. Mama: "Ahsante, mwanangu. Endelea, nakusikiliza.")

Ninaendelea. Nilikuwa wapi? Kwenye fursa. Takwimu zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa mwaka Mama alikuwa akitunga uzi mwenyewe huku akizungumza na mteja na akituambia tusigombane. Baada ya Kamati kuundwa, ananiita mimi. Mwanzoni niliona ni heshima niliyopewa, nikadhani kiongozi amekubalika. Wiki iliyopita alitia uzi pembeni ya sindano, akavuta, akaanza kushona bila uzi, pindo zima, na hakuna aliyemwambia kwa sababu sote tulikuwa kwenye kikao changu tukijadili rangi ya nembo. Takwimu hizo hazikuwekwa kwenye ripoti, kwa kuwa ripoti ilikuwa ya mafanikio. (Bibi anaweka kikombe chini.)

Hata hivyo, waheshimiwa, naomba tusikate tamaa, maana penye nia pana njia, na penye Kamati pana ajenda. Awamu ya pili itaanza mara tu awamu ya kwanza itakapotathminiwa, na tathmini itaanza mara tu tutakapopata mwenyekiti wa kutathmini, na tayari kuna jina moja limependekezwa, na mwenye jina ameniambia yuko tayari, kwa sababu yuko hapa kwenye stuli. Natoa ahadi mbele yenu kwamba mwishoni mwa mchakato huu Mama atatazama mbali: mbali kuliko bomba, mbali kuliko jirani, mbali kuliko ahadi za viongozi wote waliowahi kusimama kwenye stuli hii. Naomba tusimame sote kwa kaulimbiu yetu.

Macho ya Mama! (Dada, baada ya kusita: "Mbali!")

Macho ya Mama! (Baba na Dada: "Mbali!")

Macho ya… (Bibi: "Mbali! Tumesikia! Hitimisha, mjukuu wangu, jua linapanda.")

Ninahitimisha. Namshukuru Mjomba kwa gari ambalo halikuja. Namshukuru Baba kwa kuzima redio. Namshukuru Dada kwa kuwa upinzani, maana bila yeye ningeendelea kupiga kura peke yangu mpaka uzeeni. Namshukuru Bibi kwa pendekezo ambalo lilikuwa zuri tangu siku ile alipolitoa, na ambalo nililitupa kwa sababu halikunihitaji mimi. Namshukuru Mama kwa nguo tano, na kwa majani yote. Nawashukuru nyote kwa kuhudhuria uzinduzi wa safari ambayo haina tarehe, haina gari, wala haina chakula cha njiani. Kusema kweli, wazee wangu, safari yenyewe haijawahi kuwepo. Palikuwa na Kamati tu, na Kamati ilikuwa mimi, na mimi nilikuwa napenda kusimama hapa juu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Cherehani imenyamaza. Mama anavua miwani, anakandamiza macho kwa viganja, anamgeukia Baba: "Lile basi la kilimani bado linapita sokoni?" Baba: "Linapita." Mama: "Na sare za watu?" Bibi: "Watu wana miguu, watarudi jioni. Mimi nimeshavaa viatu." Mama anaifunika cherehani kwa kitambaa chake, anakwenda nyuma ya mlango, anaanza kugawa nguo. Mwenyekiti anaomba dakika chache apitishe azimio. Dada anamrushia nguo yake usoni. "Shuka, Mheshimiwa. Tunafunga mlango.")